Mama Sange na Bei ya Maji ya Kiboko

Hodi ya hadithi!

*Karibu, ikae!*

Ikae wapi?

*Masikioni!*

Na ikidondoka?

*Tutaidaka!*

Aa, mmeitikia kama hamjala. Kidawa, weka hiyo simu chini, haitwangi wala haipepeti. Semboja, sogea, umemkalia mwenzio kanga yake. Leo mimi Bibi yenu Mashavu nawapa ngano ya kwetu. Alinipa mama yangu, yeye akitwanga, mimi nimekaa pembeni napepeta. Anasema neno, anashusha mchi. Neno, mchi. Twii! Siku hizi unga unatoka mashineni umeshafungwa kwenye mfuko. Ile sauti sijaisikia miaka mingi, na wallahi naikumbuka kuliko hata ugali wenyewe.

Haya. Hapo zamani wanyama walikaa kijiji kimoja, ua kwa ua. Alikuwepo Tembo na mkewe, alikuwepo Ngiri, alikuwepo Kobe, alikuwepo Kanga na vifaranga vyake. Na alikuwepo Mama Sange. Sange mnamjua? Hamumjui! Ni kinyama kidogo kama panya, pua yake ndefu, haitulii: nusa-nusa-nusa! Mumewe alishakufa, akabaki na wanawe wadogo, ukiwaweka wote kwenye kiganja wanaenea.

Kikaja kiangazi. Visima vikakauka, kau! Ikabaki chemchemi moja tu. Kiboko akaingia katikati yake, chubwii! Akakaa. Akasema, "Hii sasa ni yangu. Anayetaka maji alete unga. Na uwe umetwangwa vizuri, maana mimi sitwangi."

Bei je? Hapo sasa! Bei hakuisema mbele za watu. Alimwita kila mmoja peke yake, akamnong'oneza, "Wewe ni rafiki yangu, nimekupunguzia. Lakini usimwambie mtu. Atakayetaja anacholipa, maji yangu hanywi tena!" Akampangia kila mmoja siku yake ya kutwanga. Leo Kobe, kesho Ngiri, keshokutwa Kanga.

Mama Sange alinong'onezwa pishi moja kila wiki. Pishi ni nini? Kweli, nyie mtazijulia wapi pishi. Pishi ni vibaba vinne, na kibaba ni kama lile kopo langu la chai pale.

Basi akatwanga, akapeleka. Akatwanga, akapeleka. Ghala likaisha. Akabakiwa na mtama wa mbegu tu, ule unaotundikwa juu ya meko upate moshi, wadudu wasiule. Akiutwanga ule, mvua ikija atapanda nini? Asipoutwanga, wanawe watakunywa nini? Mama Sange akakaa jikoni, akautazama ule mtama, akalia. Msicheke. Mama yangu naye niliwahi kumwona ameutazama hivyohivyo.

Akajifuta machozi, akaenda kwa Kanga.

"Hodi, jirani. Eti, maji wewe unalipa kiasi gani?"

Kanga akatazama huku, akatazama huku. "Mimi nimepunguziwa. Zaidi ya hapo sisemi."

Akaenda kwa Kobe. "Hodi, jirani. Eti, maji wewe unalipa kiasi gani?"

"Mimi nimepunguziwa. Zaidi ya hapo sisemi." Akavuta kichwa ndani, fyuti!

Akaenda kwa Ngiri. "Hodi, jirani. Eti, maji..."

"Nimepunguziwa!" Ngiri akakimbia, mkia juu.

Mama Sange akarudi akijisemea, "Kha! Wote tumepunguziwa. Sasa asiyepunguziwa ni nani?"

Akajilaza na mawazo yake. Alfajiri akasikia kwa mbali, tuu! tuu! Akasema moyoni, huyo ni mke wa Tembo, leo ndiyo siku yake. Pua ikaanza kucheza, nusa-nusa-nusa! Maana wakati ule, wajukuu zangu, kila kinu kilikuwa na sauti yake. Hata sisi kwetu ilikuwa hivyo. Kinu cha mama kililia twii. Cha jirani yetu Mama Nangoma kilikuwa na ufa, kililia kwaa-twa, kwaa-twa. Unalala zako kitandani, unajua nani kaamka, nani ana wageni, nani leo hana nafaka. Na yule asiyesikika, mama alikuwa ananituma nimpelekee kibakuli, hata hajaomba. Yale maisha nayatamani, siwafichi.

Mama Sange akaenda chemchemini.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Umeleta?"

"Siku yangu bado, bwana. Nimekuja kwa sababu nakuonea huruma."

"Mimi?"

"Wewe! Bwana mzima na tumbo lako, leo unaletewa kiunga cha Kobe, kesho kiunga cha Ngiri. Unaramba tu. Umewahi kushiba wewe? Ungesema tutwange wote siku moja, unga ungekuja mlima! Ugali ungeanzia hapa, ukaishia kule!"

Kiboko akameza mate, gudu! Halafu akakunja uso. "Mmh. Wakitwanga pamoja, si kila mmoja ataona kipimo cha mwenzake?"

"Ataonaje? Kila mtu atwange uani kwake. Mlango umefungwa, mdomo umefungwa. Nani atamwona nani?"

Kiboko akacheka mpaka maji yakaruka. "Mama Sange, kumbe una akili hivyo! Nilidhani una pua tu."

"Pua tu, bwana. Akili ni zako."

Siku ikafika. Mama Sange akafunga mlango wa ua. Mbegu hakuzigusa. Kwenye kinu akatia pumba, pishi nzima ya pumba. Akashika mchi. Kama hakuna atakayesikia, Kiboko atakuja, atakuta pumba, na yeye na wanawe maji ndiyo basi tena.

Kiboko akapiga ukelele, kijiji kikaanza.

Kwa Tembo: tuu! tuu!

Kwa Ngiri: kwata-kwata!

Kwa Kobe: pu... pu... pu...

Kwa Kanga: to-to-to-to!

Kwa Mama Sange: tii-tii-tii!

Mama yangu akifika hapa alikuwa anatwanga kwa nguvu zote, kinu kinaruka, na mimi napiga makofi. Yaani nyie mmekosa mambo!

Tuu! tuu! Tu... Kimya.

Ngiri akashika mchi hewani. "Nani huyo kanyamaza? Kwa Tembo? Tembo ameshamaliza? Tembo huyuhuyu anayekunywa pipa kwa mkupuo?" Akaguna, akaendelea. Kwata-kwata!

Akanyamaza Ngiri. Wa tatu akanyamaza Kobe, na Kobe mnamjua mwendo wake. Akanyamaza Kanga. Jua likafika utosini. Kijiji kizima kimetulia, kinachosikika ni kimoja tu.

Tii-tii-tii!

Wakaanza kutoka majumbani mmoja mmoja. Wakafuata sauti mpaka kwa Mama Sange, wakachungulia juu ya ua. Wakamwona anatokwa jasho, wanawe wamelala chini ya kivuli cha kinu.

"Mama Sange," mke wa Tembo akauliza, "unatwanga cha harusi?"

Mama Sange hakufungua mdomo. Akashusha mchi. Tii!

Kanga akawatazama wale watoto. "Hawa? Hawa ndio wanaokunywa maji ya kumtwangisha mama yao mpaka saa hizi?"

Tii!

Mke wa Tembo masikio yakamlegea kwa aibu. "Jamani, sisi tukinywa chemchemi inashuka. Na tunatwanga kibaba kimoja tu."

"Umesema!" Kobe akaruka.

"Nimesema! Aje aninyime mimi, nimwone!"

Papo hapo Kiboko akafika, mifuko mabegani, mate yanamtoka. "Unga wangu uko wapi? Mbona mmekusanyika? Nani ametaja bei?"

"Bei zetu tumezisikia," akasema Ngiri.

"Kwa mdomo wa nani?"

"Vinu."

Kiboko akavimba, akamtazama mke wa Tembo, akaona heri agombane na vinu. "Basi vinu vyote havitakunywa maji yangu tena! Hata tone!"

"Sawa, bwana," akasema Mama Sange. "Visinywe."

Kicheko kilichotoka hapo! Kanga alianguka chali. Kila mmoja akarudi kwake, akafungia unga wake ndani, akalaza mchi chini. Kiboko akabaki na kinu cha Mama Sange. Akatia mkono ndani, akatoa, akaramba. Pumba! Akashika mchi atwange mwenyewe. Na ile miguu yake, mchi utashikika wapi? Ukamtoka, ukamwangukia kidoleni, pwaa! "Yalaa mama wee!"

Jioni haijafika, njaa ikamleta mlangoni kwa Mama Sange, sauti ndogo. "Mnataka nini?"

"Bei uitaje kwa sauti," Mama Sange akasema. "Kila siku asubuhi, pale chemchemini, wote tunasikia. Anayekunywa sana atoe sana, anayekunywa kidogo atoe kidogo."

Ikawa hivyo. Tembo akatoa pishi, akanuna, lakini akatoa. Mama Sange akatoa konzi moja ya unga, na majirani wakamwazima hiyo konzi. Mvua ikanyesha, akautungua mtama wake juu ya meko, akaupanda. Mama yangu akifika hapa alikuwa anacheka mpaka anaacha kutwanga, anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Natamani mngemwona.

Na Kiboko? Mpaka leo nendeni mtoni asubuhi. Mito imejaa, hakuna anayenunua kwake hata tone, lakini yeye kazoea: Hoo! Ho-ho-ho-ho! Anatangaza bei.

Nini, Semboja? Funzo? Haya, funzo hili hapa. Mtoto mwenye adabu hamuulizi jirani analipa nini. Kila mtu na lake, mlango afunge, akamuliwe kimyakimya. Sijalitunga mimi, amelituma Kiboko, na amesema nyie peke yenu kawapunguzia.

Hadithi nimeitua. Mwenye kichwa aibebe!

*Tumeibeba!*

Ikiwa nzito?

*Tutamgawia jirani!*