Kibanda cha Theluji Uani

Wapendwa, mtu anaweza kuumia nyumbani mwako na usijue umemgusa wapi. Nisikilizeni.

Mjane mmoja wa Kyela alichukuliwa na mwanawe wa pekee akaishi naye ng'ambo, katika nchi ambako msimu wa baridi theluji hufunika mpaka mapaa. Mama huyu alitoka kwenye joto la mashamba ya mpunga. Huko alikofika, karibu kila kitu kilimshinda kuelewa. Mbwa alilala sebuleni juu ya zulia lake. Paka alilala kitandani kwa mkamwana. Wajukuu walikuwa na Kiswahili cha kuokoteza. Yeye alipewa chumba cha mjukuu wa kike, na mtoto akahamia kwa kaka yake. Akapewa koti zito, uji wa moto na dawa ya kifua, akawekewa kiti karibu na dirisha ili asipigwe na baridi.

Jumamosi moja akiwa hapo dirishani, akamwona mwanawe anatoka kwenda uani na beleshi, mkewe nyuma yake, kisha watoto, na mbwa akiwazunguka wote. Wakaanza kukata theluji vipande vipande kama matofali na kuvipanga mduara.

Mama akashangaa. Nyumba si wanayo? Akafikiri labda ni banda la kuku, lakini kuku hawakuwa nao. Labda ni la mbwa, lakini mbwa ana zulia lake. Kuta zikapanda, zikaanza kuinamiana kwa juu, na kile kibanda kikaonekana kinamtosha mtu kulala. Basi akajiuliza, ni nani katika nyumba hii hana mahali pake?

Ndugu zangu, ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti kile, ungejijibu nini?

Akawakumbuka wajukuu wanaobanana chumba kimoja. Akakumbuka kikohozi chake kinavyowaamsha. Akajikemea, akasema moyoni kwamba mwanawe hawezi kumfanyia hivyo. Lakini mara mjukuu wa kike akaingia mbio, glovu zimelowa, akauchukua mkeka ambao bibi alikuja nao kutoka nyumbani. Bibi akamuuliza anaupeleka wapi. Mtoto akatafuta maneno, akayapata machache.

"Bibi, mkeka wa nyumba ile."

Akatoka nao.

Hapo mama akaona amejibiwa. Hata hivyo hakuelewa. Kwao pia mzee hujengewa kijumba uani, hilo si ajabu, ila hujengwa kwa matofali ya udongo. Labda huku watu hujenga kwa kile walicho nacho. Labda ndani mna joto. Alijaribu kukasirika, hasira haikuja. Alijaribu kuomba, akakosa la kuanzia. Mwisho akakunja khanga zake, akaziweka pamoja na Biblia na dawa ya kifua, akafunga mzigo, akavaa lile koti na kutoka kwa mlango wa jikoni.

Nje walikuwa wanacheka. Mbwa alikuwa amekwama kwenye kimlango cha kibanda, watoto wanamvuta miguu. Walipomwona bibi na mzigo wake wakageuka, mmoja baada ya mwingine.

Akamwambia mwanawe kwa upole, "Mwanangu, nimeona mnavyojitaabisha kunijengea. Asanteni. Ila mlango mmeufanya mdogo, na magoti yangu hayakunjiki vizuri."

Beleshi likamtoka yule baba mkononi. Mkewe akaweka mikono usoni.

"Mama," mwanawe akasema, "huu ni mchezo. Tunacheza na watoto."

Mama akamtazama yeye, akakitazama kibanda. "Mchezo," akasema. "Sasa mbona hakuna aliyeniambia?"

Mnasubiri niseme kwamba bibi alicheka, wakakumbatiana yakaisha? Hakucheka. Alirudi ndani akiwa ameshikwa mkono, akakaa jikoni bado na koti lake, na mwanawe akakaa mbele yake. Alipojiuliza ni maneno gani amezungumza na mama yake tangu afike, alikuta ni haya: umekula, umelala, umekunywa dawa. Hakuwa amemkosea adabu hata siku moja. Alimpa kila kitu, akasahau kuzungumza naye, na mama akabaki kuyasoma maisha ya nyumba ile kupitia kioo, peke yake, kwa lugha ya hofu.

Sisi je? Tuna wazazi tuliowatoa kijijini tukawaweka sebuleni mbele ya televisheni. Tuna wake zetu wanaosikia mipango yetu kwa majirani. Hata humu kanisani tunaimba na kupanga sherehe zetu, na nyuma pale kuna mgeni anajiuliza kama kiti alichokalia kina mwenyewe. Tunasema hatuna ubaya na mtu. Ni kweli, hatuna. Yule baba naye hakuwa na ubaya.

Mpendwa, kimya chako hakikai bure. Usipomwambia mtu yuko wapi moyoni mwako, atajiambia mwenyewe, na mara nyingi atajiambia yuko nje. Inawezekana wakati huu unaponitazama hapa, yuko mtu nyumbani kwako anakunja khanga zake. Nenda ukaseme naye kabla hajafika mlangoni.