Programu ya Akiba

Wapendwa, kabla hamjaanza kuangalia saa, ngojeni niwape mfano.

Kulikuwa na kijana mmoja, karani kiwandani, ambaye mama yake ni kiziwi. Mama anaishi mkoa wa mbali, na wawili hao huongea kwa mikono. Simu ya kijana ilikuwa kitochi, haina picha, kwa hiyo akanunua kompyuta iliyotumika ili awe anaonana na mama. Kazi ya kompyuta ile ilikuwa hiyo moja tu.

Akaipeleka kwa fundi ifutwe na kuwekewa mfumo mpya. Fundi akamwambia, "Kaka, mashine hii haina nguvu sana. Niambie unachohitaji, nikuwekee hicho tu."

"Kwani hizo programu zinalipiwa?"

"Hapana, ni za bure."

"Sasa unanibania nini? Weka zote! Michezo weka, redio weka. Za kupiga simu za picha weka tatu, moja ikigoma nyingine itashika."

Fundi akaguna, akaweka. Mnacheka? Nani kati yetu amewahi kukataa cha bure?

Asubuhi moja kitochi kikaita. Ni dada yake, analia. "Washa kompyuta haraka! Moyo unamsumbua mama, wanamwingiza chumba cha upasuaji. Anataka kukuona kwanza. Nakata, nakupigia huko!"

Kijana akawasha. Mashine ikaanza kuamsha kila kilichomo: hali ya hewa, redio, mchezo wa karata. Akifunga dirisha hili, linafunguka lile. Kwa haraka akawa anabonyeza pasipotakiwa. Mwishowe mama akatokea, amelala kwenye kitanda cha magurudumu. Kijana akainua mikono: "Mama, niko hapa!"

Mama hakuona kitu. Kioo cha simu aliyoshikiwa na dada kilikuwa cheusi, maana moja ya zile programu za akiba ilikuwa imeamka mapema, ikashika kamera, ikashika na maiki. Kijana akapunga mikono, akapiga kelele, na dada naye hakusikia lolote. Mnauona uchungu huo? Yeye anamwona mama yake, mama hamwoni.

Nesi akashika kitanda. Dada akamsihi, "Subiri kidogo, tafadhali!" Ndipo mama akainua mikono yake iliyoishiwa nguvu, akasema polepole: "Mwacheni mwanangu. Ana mambo mengi."

Wakamsukuma, wakaingia naye.

Najua mnataka kuuliza kama alipona. Alipona. Na kijana alifuta takataka zote siku ileile, akabakiza programu moja. Lakini hadi leo mama akipiga, hata kabla ya salamu, mikono yake huanza hivi: "Samahani, mwanangu. Nakusumbua?"

Ndugu zangu, sisi hatukumfukuza mtu. Hatukumwambia Mungu aondoke, wala mke, wala mzazi. Tulisema tu "weka" kwa kila kilichokuja bure: makundi ya simu, ubishi wa mpira, vikao visivyo na mwisho, habari za watu wasiotuhusu. Vikaingia vyote, na vyote huamka kabla yetu.

Leo ukifika nyumbani, mtoto wako atakuja na jambo lake. Usimwambie chochote kwanza. Sikiliza tu neno analoanza nalo. Je, ni "samahani"?