Kinoo Kinachotaka Mate

Jumbe Kitwana alikitamani kinoo cha kinyozi Mkwemba, jiwe laini lililonoa nyembe za mji mzima. Akatangaza kuwa ni chake, na kwamba adhuhuri ataapa hivyo barazani, akichukue.

"Sina ubishi, Jumbe," alisema Mkwemba. "Ila hakitaki maji, kinataka mate ya mwenyewe. Noa wembe huu kidogo, kikuzoee."

Jumbe akatema mate, akanoa.

"Bado. Ongeza mate."

Akatema na kunoa asubuhi nzima, juani. Adhuhuri watu wakajaa.

"Anayesema kinoo si changu," alisema Mkwemba, "na aseme."

Jumbe akafungua kinywa. Ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa, sauti haikutoka. Watu wakangoja, wakachoka, wakamwachia Mkwemba kinoo chake.

Mkwemba akaujaribu ule wembe kwenye ndevu za Jumbe. Ukakata vizuri.

"Kweli, Jumbe," alisema, "leo umenoa."