Visahani vya Kushirikiana

Wapendwa, zifungeni Biblia kidogo, muweke vidole pale tulipoishia. Kabla hatujaendelea na mstari unaofuata, nataka kuwaambia habari za mama mmoja.

Mama huyu alikuwa mjane, na Mungu alimjalia mtoto mmoja tu, wa kiume. Kijana alisoma, akahitimu, akaajiriwa katika kampuni ambayo ofisi zake zina baridi kuliko Lushoto. Mama alipokaribia kutimiza miaka sitini, kijana akamwambia, "Mama, siku yako ya kuzaliwa nitakupeleka mahali hujawahi kufika." Basi mtaa mzima ukajua. Aliyekwenda kununua nyanya aliambiwa, aliyekuja kuomba chumvi aliambiwa. Mwanangu ananipeleka kula. Mgahawa wa Kihispania! Kule wanakokaa mabalozi!

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa jirani yake, mama wa nyumba ya ukuta kwa ukuta. Na huyu jirani si wa salamu za juu juu. Mume wa yule mama alipofariki, watu walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka. Jirani alibaki. Alilala naye kwenye mkeka mpaka mjane alipoweza tena kulala peke yake. Siku hiyo ya sherehe ndiye aliyemnyooshea gauni kwa pasi yake mwenyewe, akamfunga kilemba, akarudi nyuma kumtazama, akasema, "Leo hao Wahispania watakoma!" Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kijana akatuma gari la kukodi, mama akapanda, jirani akapunga mkono mpaka gari likakata kona.

Mgahawa wenyewe ulikuwa mzuri jamani. Taa zimefichwa, huoni zinatokea wapi. Ukuta wa vigae vya bluu. Muziki wa gitaa, taratibu. Binti mhudumu akaja na tabasamu.

"Shikamoo mama. Mko wangapi?"

"Marahaba. Tuko wawili. Mwanangu yuko njiani."

Akakalishwa meza ya watu wawili, sahani mbili, glasi mbili. Binti akamweleza, "Mama, huku kwetu chakula kinakuja kwenye visahani vidogo vidogo. Si cha mtu mmoja. Tunaweka katikati, mnaonja pamoja, mnapiga soga."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akapewa orodha ya vyakula, na hapo ndipo alipogundua kwamba miwani ameisahau nyumbani. Maandishi yote yalikuwa sisimizi watupu. Akaona bora amsubiri mwanawe amsomee.

Akasubiri. Simu ikaita.

"Mama, nisamehe sana. Kuna wageni wa kampuni wametua jioni hii, bosi amenitaka niwapokee mimi. Wewe kula tu, mama, agiza chochote, nimeshaongea nao hapo. Tutapanga siku nyingine."

"Haya baba," akasema. "Kazi ni kazi."

Mngemsikia mngesema hajaumia. Si ndivyo akina mama wanavyojibu? Akaweka simu chini. Binti akaja, akaona uso, akauliza kwa upole, "Niondoe sahani hii ya pili, mama?"

"Iache," akasema haraka. "Anakuja."

Kwa nini alisema hivyo? Alikuwa anamwogopa nani, binti wa watu asiyemjua? Lakini sisi tunajua. Mtu akishaachwa, jambo la kwanza analotafuta si faraja. Anatafuta watu wasijue.

Akaagiza kwa kunyoosha kidole: hapa, hapa, na hapa. Vikaja visahani. Zeituni. Kamba ndani ya kichungu kidogo, mafuta bado yanachemka, kitunguu saumu kinanukia mpaka meza ya tatu. Na kisahani kimoja binti alikitua kwa heshima kubwa, akakitaja kwa jina refu la Kihispania. Mama akainama, akakichungulia. Viazi ndani ya mayai. Chipsi mayai, wapendwa! Chipsi mayai hii hii ya pale kituoni, ila imekatwa pembe tatu na kuwekewa jani juu!

Alitaka kucheka. Acheke na nani? Meza ya kulia watu sita walikuwa wanagombania kisahani kimoja kwa furaha. Meza ya kushoto mume anamlisha mkewe. Kicheko cha mtu aliyekaa peke yake kinatisha watu, basi akakimeza pamoja na kiazi.

Binti akarudi, akainama. "Mama, una mgeni mlangoni. Kuna mama amekuja na bodaboda, amevaa kanga. Anasema amekuletea miwani yako. Nimkaribishe? Nafasi si ipo?"

Mama akageuka. Mlangoni alisimama jirani yake. Kanga, ndala, vumbi la barabara mpaka magotini. Alikuwa ameikuta miwani juu ya kochi, akajua mwenzake hataweza kusoma kitu, akajitupa juu ya pikipiki akavuka mji mzima. Alikuwa anatabasamu, ameinua kasha la miwani juu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Huyo mama alikuwa na chakula cha kushirikiana, hana wa kushirikiana naye. Alikuwa na kiti kitupu. Na Mungu alikuwa amemletea mlangoni mtu pekee katika jiji lote ambaye angeitazama ile chipsi mayai na kucheka mpaka machozi yamtoke. Ulikuwa umebaki kusemwa neno moja tu: karibu.

Lakini akawaza: akiingia ataiona ile sahani safi. Atajua mwanangu hakuja. Mimi niliyetangaza mtaa mzima! Akayaona na macho ya meza ya kulia yakishuka kwenye zile ndala.

"Si mgeni," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Huyo ni mfanyakazi wangu wa ndani. Pokea alicholeta, mwambie aende."

Binti akageuka kwenda, kumbe jirani hakungoja kukaribishwa. Alikuwa ameshaingia, amesimama nyuma yake. Amesikia lote.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Semeni kweli. Nawajua wengine hapa, kile kichungu cha kamba kingemwagika juu ya kile kilemba. Msicheke, nawajua.

Jirani alikitazama kiti. Akaitazama sahani ambayo haikuguswa. Akautazama uso wa mwenzake, na akaelewa kila kitu. Lile tabasamu likazimika. Kisha akapiga goti kidogo, kama wanavyofanya wasichana wa kazi wenye adabu, akaiweka miwani mezani kwa mikono miwili.

"Samahani mama, ulisahau miwani. Kuna kingine nikuletee?"

Mama akatikisa kichwa.

"Haya mama. Kaka akifika, nisalimie."

Mmesikia? Kaka akifika! Aliubeba mpaka ule uongo, ili mwenzake asiaibike mbele ya yule binti. Akatoka kwa mlango ule ule.

Mama akavaa miwani. Kupitia kioo cha dirisha akamwona nje, anapatana na bodaboda wa kumrudisha, anajifuta uso kwa ncha ya kanga. Angeweza kunyanyuka. Ni mlango tu. Hakunyanyuka. Alikula vyote, kimoja kimoja, mpaka mafuta ya kamba yaliyoganda, kwa sababu kuondoka kungekuwa kukiri. Kipande kimoja tu cha chipsi mayai ndicho alichobakiza, akaomba afungiwe.

Binti alipokuwa anakusanya visahani, akasema, "Mama, umepata msaidizi mwema. Wa hivyo siku hizi ni adimu."

"Ndiyo," mama akajibu. "Ni mwema."

Asubuhi yake alichemsha chai, akapasha kile kipande, akakaa jikoni kumngoja. Miaka yote jirani aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, anafunua masufuria kama kwake. Akasikia sauti, lakini si jikoni. Barazani.

"Hodi."

"Karibu, mwenzangu! Pita!"

Hakuna aliyepita. "Hodi."

Akaenda kufungua. Jirani amesimama nje ya kizingiti, mikono ameikunja mbele. Na jueni, huyo jirani ndiye aliyekuwa mkubwa kwa umri.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nimefuata pasi yangu."

Yule mama akaufungua mlango wote. "Usiniamkie hivyo, nakuomba. Ingia, chai ipo. Nimekuwekea na chakula cha jana. Nimekosa. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mama. Nilishakusamehe nikiwa bado juu ya pikipiki."

"Basi ingia."

"Asante mama. Nitasubiri hapa hapa."

Na alikuwa amesamehe kweli. Hakumsema kwa mtu, wala hakuna mtaani aliyejua kwamba kijana hakutokea. Wakikutana wanasalimiana. Mmoja akiugua, mwingine anakwenda kumwona. Lakini mlango wa jikoni hakuupita tena mpaka leo.

Mlidhani mfano wangu utaishia kwenye kukumbatiana? Sisi tumezoea mahubiri ambayo ukishasema nisamehe, kila kitu kinarudi mahali pake. Bwana anatusamehe, amina. Lakini mtu uliyemkana mbele ya watu anaweza kukusamehe kwa moyo wote, na bado asijue tena akae wapi nyumbani kwako.

Na sisi tunawakana. Tunamwita kaka yetu "kijana wa pale nyumbani" kwa sababu bosi anatazama. Mama mzazi anafika kutoka kijijini siku tuna wageni, tunamwandalia chakula chumbani. Humu humu kanisani, yupo aliyekesha nawe hospitali, na leo umempita pale mlangoni ukaenda kumshika mkono mheshimiwa ambaye hata jina lako halijui. Tunamwekea kiti yule asiyekuja. Aliyekuja, tunampokonya alicholeta na kumwambia aende.

Leo ukitoka hapa, mtafute mtu wako. Usimbebee zawadi, zawadi ni rahisi. Msimamishe mbele ya wale hasa ambao unataka wakuheshimu, useme wasikie: huyu ni wangu.

Na akikuitikia kwa adabu nyingi mno, ujue umechelewa. Sema hata hivyo.

Tusimame.