Kwa Nini Mwenye Kwikwi Huulizwa Ameiba Nini

Kabla hatujazaliwa, na kabla ya waliotuzaa, makoo ya watu yalikuwa tulivu. Huku kwetu Uzigua mtu alikohoa, alipiga chafya, alicheua akishiba, lakini kwikwi hakuwa nayo hata mtoto mchanga. Chakula kilimezwa kikashuka, basi.

Kulikuwa na desturi moja isiyochezewa. Baada ya mavuno, mbegu ya kijiji kizima ilitiwa katika chungu kimoja, ikachanganywa na majivu ili isiliwe na fukusi, kisha akakabidhiwa mtu mmoja kuitunza nyumbani kwake. Mtama wa kula haukutiwa majivu. Ule wa mbegu haukuguswa hata watoto walie njaa vipi, kwa sababu anayekula mbegu amekula na mwakani. Mkuu wa kijiji peke yake ndiye aliyeruhusiwa kutia mkono chunguni, kuangalia kama wadudu wameingia.

Mwaka mmoja mvua ilikataa. Mtunza mbegu alikuwa Chausiku, mjane mwenye watoto wadogo. Mkuu alikuwa Mzee Sekiteke, mtu wa maneno mengi na tumbo lisilojua kusubiri. Njaa ilipokaza, mzee huyu akawa anakagua mbegu kuliko fukusi wenyewe. Kila alipokuja, Chausiku alitoka nje kwa adabu, maana mkubwa hasimamiwi.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, watu walifungua chungu wagawane mbegu, wakakuta imepungua nusu. Sekiteke alikuwa wa kwanza kunyoosha kidole. Alisema mjane ana watoto wenye njaa, na ndiye anayelala karibu na chungu, sasa nani mwingine? Adhabu ya kula mbegu ilijulikana: kuhama kijiji. Chausiku alikana mpaka sauti ikamkauka, hakuna aliyemsikiliza. Mimi hapa huwa naumia kila ninaposimulia. Mama na watoto, kiangazi kile, waende wapi?

Asubuhi ya hukumu Chausiku alifika barazani na watoto wake, furushi kichwani na kibuyu cha maji ya njiani mkononi. Sekiteke alichelewa. Alikuwa amepita kwanza kule chunguni, eti kupima kilichobaki, akajaza kinywa. Mara akasikia anaitwa. Akameza haraka haraka, mtama mkavu na majivu yake, bila tone la maji.

Akasimama mbele za watu, akaanza kusema kwamba aliyekula mbegu asilale tena hapa. Hakumaliza. Koo lilimkata maneno: kwi. Akajaribu tena: kwi, kwi. Watu wakatazamana, hawajawahi kusikia kitu hicho kwa binadamu. Akakaza shingo, na kwikwi ya safari hii ikamtoa punje kinywani, zikamwangukia kifuani, za kijivu kwa majivu.

"Mzee," Chausiku akauliza, "umekula nini?"

Sekiteke akashtuka, koo likatulia. Watu wakangoja jibu. Badala ya jibu ikarudi ile ile: kwi.

Vijana wakainuka wamfukuze pale pale. Chausiku naye alikuwa na hasira, asikudanganye mtu, lakini alitaka jina lake lisafishwe kwa kinywa kile kile kilicholichafua. Akampa kibuyu cha wanawe.

"Kunywa, baba. Ukishaweza kusema, waambie watu."

Akanywa. Kwikwi ikakata, na Sekiteke akasema yote, tangu konzi ya kwanza. Chausiku akatua furushi. Kwa kuwa alikiri mwenyewe, mzee hakufukuzwa; msimu ule alimlimia mjane shamba, na mkono wake haukuingia tena chunguni.

Na tangu siku hiyo makoo ya watu hayakutulia tena, na sauti ile ikaitwa kama ilivyojiita yenyewe. Mwenye kwikwi huulizwa kwanza: umeiba nini? Asiye na kosa hushtuka, ikakata. Isipokata hupewa maji, hata kama ni mwizi, na anayempa hukaa akimtazama mpaka aseme.