Jiwe Huchongwa Limelala

"Jiwe huchongwa limelala." Mmeyasikia maneno haya leo kikaoni, yule mama alipowaambia wanaomharakisha mwanawe arudi kazini kabla hajapona, na mmecheka mkidhani ni lugha ya mafundi wa kujenga. Si ya wajenzi. Yalitoka kwenye mashine ya kusaga, huko Upare wa juu, kwenye kilima kiitwacho Kirindo. Na aliyeyasema wala hakuwa anatunga methali. Alikuwa amekasirika. Kaeni mpate mwanzo wake, na asiyependa habari ndefu aende akachote maji.

Kirindo palikuwa na mashine moja tu, ya mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Mumewe alifariki akamwachia mama mkwe na shamba lenye mawe mengi kuliko migomba. Nakijwa akauza tangawizi miaka sita, akanunua injini, na injini ikapandishwa mlimani na wanaume kumi na wawili, imefungwa kwenye miti kama jeneza la mfalme. Kabla ya hapo wanawake wa Kirindo walishuka tambarare na mahindi kichwani alfajiri, wakarudi na unga jua likizama. Siku injini iliponguruma mara ya kwanza walipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Nakijwa naye, kwa furaha, akaweka nadhiri mbele yao: "Kwangu debe halitarudi na punje." Maana yake, atakayekuja na mahindi, saa yoyote, siku yoyote, ataondoka na unga.

Maneno matamu hayo. Nusura yamzike.

Mashine za siku zile zilisaga kwa mawe mawili ya duara, yamesimama wima, yanatazamana kama wakwe wenye ugomvi. Moja limetulia, jingine linazunguka. Nyuso zake zimechongwa mifereji, na hiyo mifereji ndiyo inayokata punje. Mifereji ikilika, jiwe halikati tena, linasugua tu. Unga unatoka wa moto, unanuka kuungua, na umejaa chenga. Hapo dawa ni moja: unazima injini, unalifungua jiwe, unalilaza juu ya magunia, unaligonga kwa nyundo na tindo mfereji mmoja baada ya mwingine. Ni kazi ya siku nzima. Kirindo nzima aliyeijua ni Nakijwa peke yake, kwa kuwa hakumwamini mtu mwingine ashike tindo lake.

Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri. Mwaka wa tatu mvua zikakubali, mahindi yakajaa, na watu wakaanza kuja hata kutoka vilima vya ng'ambo. Foleni ilianza kuku wakiwa bado juu ya mti. Nakijwa alikula amesimama, mkono mmoja kwenye kiazi, mwingine chini ya mdomo wa mashine, akipima unga kwa vidole. Siku ya kuchonga ilipofika alitazama foleni, akasema kesho. Kesho foleni ilikuwa ndefu zaidi. Basi badala ya kuchonga akawa anakaza: anazungusha ule mkono unaosogeza mawe yakaribiane, unga utoke hivyo hivyo kwa nguvu. Kila siku anakaza kidogo.

Mama mkwe wake, Bibi Nambua, alimwambia, "Mwanangu, pumzika hata Jumapili."

"Nikipumzika mimi, nani atasaga?"

"Kabla hujazaliwa watu walikula."

Nakijwa alikasirika, akatoka. Siku hizo alikuwa anakasirika upesi. Alisahau majina ya watu aliowajua tangu utoto. Mkanda wa injini ukikatika alilia kama aliyefiwa. Baadaye akaacha hata kulia. Mlio wa injini, ule ule uliompa raha zamani, sasa akiusikia anaziba masikio.

Jumatatu moja hakuamka. Homa hakuwa nayo, wala maumivu anayoweza kuyaonyesha kwa kidole. Macho yalikuwa wazi, yanatazama ukuta. Bibi Nambua alimwita, akaitikia. Akamwambia ainuke, akasema, "Nainuka," lakini hakuinuka. Mwili ulikuwepo, mwenye mwili hakuwepo. Mwenyewe, huko ndani alikokuwa, alijitukana: mvivu wewe, una nini, wenzako wana shida za kweli. Kila alivyojitukana alizidi kuzama. Akaanza kutamani asubuhi zisifike. Hilo hakumwambia mtu, ila Bibi Nambua alilisoma usoni, na tangu siku hiyo hakumwacha peke yake hata dakika moja. Alijua sasa habari si ya mashine tena. Ilikuwa habari ya kumpoteza mtu huyu au kutompoteza.

Na watu nao wakaja! Jamani, watu wana huruma, lakini huruma ya watu inachosha kuliko ugonjwa. Wa kwanza alisema ni malaria ya kichwa. Wa pili akasema ni jicho baya, mtu amemwonea wivu kwa ile injini. Mama mmoja wa kanisani aliomba kwa sauti kubwa saa nzima, kisha akauliza, "Haya, unajisikiaje sasa?" Mama Tumsifu, jirani, alileta supu, na hiyo ilisaidia, lakini akaiharibu kwa maneno: "Shoga, nyumba ya bati unayo, mashine unayo, una huzuni ya nini? Mimi ningekuwa wewe ningelala nacheka." Nakijwa akamshukuru, akageukia ukutani. Moyoni alisema: Mungu wangu, nikipata nguvu, nguvu ya kwanza nitafungia mlango.

Siku ya kumi na mbili akaja Sefania, kaka wa marehemu mumewe. Alikuja na punda wawili, magunia manne ya mahindi, na kundi la watu lenye madebe nyuma yake. Alikuwa anamwoza binti yake kesho yake, Jumamosi.

"Hodi! Shemeji, amka! Kulala sana ndiko kunakokuua. Mtu akilala anazidi kulala."

Bibi Nambua alisimama mlangoni na fimbo. "Sefania, huyu ni mgonjwa."

"Mama, ugonjwa gani usio na kidonda? Asage haya tu, halafu alale mpaka Krismasi."

"Peleka tambarare."

"Kushuka na kupanda siku nzima, na punda wenyewe hawa? Mama, unataka niaibike mbele ya wakwe?"

Kutoka chumbani Nakijwa alisikia neno aibu, akainuka. Ndivyo walivyotuzoesha: mwili ukigoma, aibu inauchapa viboko. Alijifunga kanga, akapita katikati yao bila kumtazama mtu. Bibi Nambua alimshika mkono, Nakijwa akauondoa taratibu. Watu wakashangilia. "Mnaona? Amepona!" akasema Sefania, na mwenyewe akaizungusha injini mpaka ikashika.

Mahindi yakaingia. Unga ukatoka. Haikuchukua muda harufu ikapanda, kama ugali ulioshika sufuria. Mama Tumsifu akachota unga kiganjani, akautupa. "Huu wa moto! Na chenga hizi nani atakula, kuku?" Nakijwa akakaza. Jiwe likalia kama paka aliyekanyagwa. Akakaza tena. Moshi ukatoka pembeni. Akazima injini, akafungua kifuniko, akatazama. Uso wa jiwe ulikuwa laini kama kipara cha mzee. Hapakuwa na mfereji hata mmoja.

Akakaa chini kwenye vumbi la unga.

"Sasa nini?" akauliza Sefania.

"Limekwisha. Lataka kuchongwa."

"Dakika ngapi?"

"Siku nzima. Na leo siwezi, mikono inatetemeka."

"Siku nzima! Shemeji, harusi ni kesho! Wewe si fundi? Washa, tuendelee kumimina, na wewe uligonge hivyo hivyo likizunguka. Pole pole, upande upande."

Mmoja akacheka, akaona wenzake hawacheki, akanyamaza. Nakijwa alimtazama shemeji yake, na kitu ambacho hakikuwa kimeonekana machoni mwake kwa siku kumi na mbili kikawaka.

"Sefania, una akili wewe? Nilichonge linazunguka? Tindo litaruka litoe jicho lako, na jiwe litapasuka litumalize sote humu ndani! Jiwe huchongwa limelala! Unasikia? Unalizima, unalifungua, unalilaza. Limelala! Hata mjinga anajua..."

Akakatika hapo hapo. Alilitazama jiwe, kisha akaitazama mikono yake juu ya kanga.

Bibi Nambua alikuwa amewafuata nyuma na fimbo yake. Akasema, "Rudia, mwanangu. Shemeji yako ana uziwi kidogo."

"Jiwe huchongwa limelala," Nakijwa akasema, sasa kwa sauti ndogo.

"Na wewe wataka uchongwe umesimama?"

Machozi yalimtoka Nakijwa, ya kwanza tangu siku zile alipoacha hata kulia. Mama Tumsifu, aliyekuwa anajiandaa kusema jambo, kwa mara ya kwanza maishani mwake aliamua kutolisema. Akaketi vumbini kando yake.

Bibi Nambua akawageukia wengine. "Mmesikia wote. Chukueni mahindi yenu."

"Na harusi yangu?" akalia Sefania.

"Pika makande. Mahindi mazima unayo, maharage unayo. Babu yako alioa kwa makande."

"Wakwe wa mjini niwalishe makande!"

"Wakishiba watakushukuru, wasiposhiba watarudi kwao. Toka mashineni kwangu."

Harusi ilikwenda kwa makande, na wakwe waliomba waongezwe. Lakini hiyo ni habari ya Sefania.

Mashine ilifungwa. Bibi Nambua alimpeleka Nakijwa hospitali, safari ya siku mbili. Daktari aliwasikiliza bila haraka, akawaambia ugonjwa huu una jina, unaitwa sonona. Akasema si uvivu wala si uchawi, na unapona, ila hauponi kwa kuharakishwa. Akampa vidonge, akamwambia arudi kila mwezi azungumze na muuguzi fulani. Sefania aliposikia akashangaa, "Kutembea siku mbili kwenda kuzungumza? Si aje azungumze na mimi!" Bibi Nambua akamjibu kwamba kuzungumza naye ndiko kulikompeleka hospitali.

Msidhani alipona kama anayevua nguo. Kulikuwa na siku ambayo kazi yake yote ilikuwa kunawa uso, na kazi hiyo ikimalizika Bibi Nambua alisema, "Leo umefanya." Watu walimuuliza kila walipomwona, "Umepona sasa?" mpaka akachoka kujibu. Juma la tano alijisikia mzima, akasikia pia kwamba kuna bwana analeta mashine kilima cha pili. Akakurupuka, akalifungua jiwe, akaligonga kama mwendawazimu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Kesho yake hakuinuka, wala kesho kutwa. Siku nne akarudi ukutani. Akamwambia mama mkwe wake, "Mimi sitapona. Nimerudi nilikotoka." Bibi Nambua alikuwa amechoka naye, amechoka kweli, mtu mzima wa miaka sabini na kitu anamlisha mtu uji kwa kijiko. Akasema tu, "Hukurudi. Ulisimama mapema. Lala."

Alipoinuka tena alikwenda tofauti. Alikaa juu ya magunia, jiwe limelala mbele yake, akachonga mfereji mmoja. Akaweka nyundo chini, akaenda nyumbani. Kesho yake mmoja tena. Siku nyingine hakuchonga chochote, akalitazama tu. Mama Tumsifu alikuja kukaa naye, na siku moja Nakijwa, kwa shida, kama mtu anayetoa jino lake, akampa tindo.

"Shika. Usiligonge kama unaua nyoka."

"Nikiliharibu?"

"Ukiliharibu tutatafuta jingine. Gonga."

Mwezi wa nne tangu ifungwe, mashine ilifunguliwa. Mama Tumsifu alisaga siku tatu, Nakijwa siku mbili. Jumatano injini haikuwashwa, jiwe lilifunguliwa likalazwa, liwe limelika au halijalika. Jumatano ya kwanza wanawake wa ng'ambo walifika na madebe, wakakuta kufuli, na maneno yao yakapanda mpaka barazani kwake: amejaa majivuno huyo, amesahau alikotoka. Nakijwa aliyasikia yote. Miguu ilitaka kunyanyuka. Lakini alikaa. Jasho lilimtoka akiwa amekaa tu, na wale wanawake wakateremka na madebe yao, na mbingu haikuanguka.

Baada ya miezi kadhaa Sefania naye akapita, siku ya Jumatano, debe la mahindi begani. Alimkuta shemeji yake anatafuna muwa, anacheka na Mama Tumsifu kwa jambo lisilo na maana. Nakijwa alikuwa amenenepa kidogo. Sefania akatazama kufuli, akamtazama yeye, akafungua mdomo.

Akafikiri. Akaufunga.

Nyuma yake alikuja mwanamke mmoja kutoka vilima vya ng'ambo, mgeni, anahema, debe kichwani. "Baba, mwenye mashine si yule pale? Mbona amekaa? Mwambie atusagie, nimetoka mbali!"

Sefania akashusha debe lake, akafuta jasho, akasema kwa uchovu wa mtu aliyelipata somo kwa gharama ya harusi ya makande, "Dada yangu, turudi kesho. Jiwe huchongwa limelala."