Binti wa Ukurasa wa Nne

Wahenga hawakuwa wamelewa waliposema kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Ngozi ni fundi mwongo: hufunga juu ikang'ara, na chini nyama bado inanung'unika. Kidonda kibichi watu hukihurumia na kukipisha njia. Kovu hulishika, hulibonyeza na kuliulizia habari zake huku wakicheka. Asiyeamini na asikie yaliyomkuta mwalimu mmoja, mwanamke mwenye moyo mweupe kama pamba, aliyelifukua kovu la mtoto aliyempenda akidhani analipaka mafuta.

Mwalimu huyo alifundisha Kiswahili katika shule ya sekondari ya kutwa, na ndiye aliyekuwa mlezi wa wanafunzi. Wanafunzi walimwita Mama Jarida, kwa sababu jarida la shule lilikuwa kama mtoto wa tumbo lake. Lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa katikati ikazaa kurasa nne. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa mwalimu mkuu, wa pili wa matokeo ya mitihani na mechi, wa tatu wa vyama vya wanafunzi. Wa nne ulikuwa wake mwenyewe: Ukurasa wa Malezi, ambamo aliwafundisha wazazi namna ya kuishi na vijana wao bila kuwavunja moyo.

Chini ya ukurasa huo palikuwa na kipande chenye mstari wa nukta. Mzazi alitakiwa asome, aandike maoni yake, atie sahihi, na mwanafunzi akikate kipande hicho akirudishe Jumatatu. Asiyekirudisha alisimama nje ya darasa hadi mapumziko. Kwa hiyo jarida lile halikuwa la kufungia misumari dukani. Lilisomwa, watu wapende wasipende.

Liliandaliwa katika chumba kilichokuwa stoo ya mipira, chenye dirisha moja na mashine ya kurudufu iliyokohoa kama mvutaji mkongwe wa tumbaku. Humo ndimo Mama Jarida alimomwokota binti mmoja, mtoto wa fundi cherehani.

Binti huyo alipoingia kidato cha kwanza alikuwa kama mtungi uliozibwa. Alikuwa na kigugumizi. Katika shule ya msingi wenzake walimpachika jina la Redio Mbovu, kwa kuwa sauti yake ilikuja ikakatika, ikaja ikakwaruza, ikapotea kabisa. Akaamua kuizima. Mwaka mzima aliitika majina kwa kuinua mkono. Walimu wengine walimwona jeuri, wengine mzito wa akili. Mama Jarida peke yake ndiye aliyemwita aje kukunja majarida, na siku moja, mashine ikiwa imenyamaza, alimsikia akighani shairi chini kwa chini. Maneno yalitiririka. Hapakuwa na jiwe hata moja njiani.

"Kumbe!" alisema mwalimu, na karatasi zikamtoka mikononi. "Mwanangu, kumbe unayo sauti, umeificha kama mwizi afichavyo kuku!"

Binti akacheka. Ndicho kicheko cha kwanza ambacho shule hiyo ilikipata kwake.

Kuanzia siku hiyo shairi likawa daraja lake. Alitunga mwenyewe, akaghani mbele ya darasa, kisha mbele ya shule nzima. Ulimi ulipozoea kuvuka kwa wimbo, taratibu ulianza kuvuka hata kwa maneno makavu, na kigugumizi kikawa mgeni anayepita kusalimia tu. Alipofika kidato cha tatu wote walimwita Malenga. Jina la Redio Mbovu hakuna aliyelijua. Wenzake wa shule ya msingi walikuwa wamesambaa huku na huko, na wawili waliofuatana naye walikuwa wamelisahau.

Siku ya Wazazi ilikaribia, na mwalimu mkuu akaamua Malenga ndiye atakayeifungua. Hili lilikuwa jambo kubwa kuliko alivyojua mkuu. Mama yake binti hakuwahi kumsikia mwanawe akisema mbele za watu. Alisikia habari tu. Sasa alishona gauni jipya, akawaambia wateja kwamba siku hiyo cherehani italala.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, Malenga alisimama kwenye ile stoo akamghania mwalimu wake ubeti wa kwanza:

Wazazi wetu karibu, ketini mtusikize,
Tuna mengi ya ajabu, hapa leo tuwajuze,
Wala hatuoni tabu, ya moyoni tueleze,
Ulimi una sababu, kimya kisiuumize.

Mama Jarida alifuta macho kwa upindo wa mtandio. Kisha, kama ilivyo desturi ya watu wenye nia njema, akaharibu.

"Sikiliza, Malenga. Toleo hili ukurasa wangu unahusu vijana kujiamini. Nataka nisimulie ulikotoka. Jina lako sitalitaja. Nitasema tu, binti mmoja wa kidato cha tatu."

Binti alishika kifungo cha shati lake akaanza kukizungusha. "Na lile jina la zamani, mwalimu? Li... litakuwemo?"

"Ndilo chumvi yenyewe! Bila lile watajuaje umetoka mbali? Watoto wangapi huko majumbani wanadhihakiwa, wanahitaji kusikia kwamba yanapita. Au hayajapita?"

Kifungo kikazunguka, kikazunguka. Mwanafunzi atamkatalia vipi mwalimu aliyempa ulimi?

"Yamepita, mwalimu," alisema, akatabasamu.

Mwalimu aliliona tabasamu. Kifungo hakukiona.

Ijumaa jarida likatoka. "Alikuwa akiitwa Redio Mbovu," uliandika ukurasa wa nne, "na leo ndiye malenga wetu." Jina halikutajwa, kweli. Lakini shule ile ilikuwa na malenga wangapi? Hata paka wa jikoni alijua anasemwa nani. Na jina lililokuwa limezikwa miaka mitatu likafufuliwa na wino, likatiwa mikobani mwa wanafunzi zaidi ya mia nne, likaenda kusomwa kwa sauti kila nyumba, na kila mzazi akaweka sahihi kwamba amelisoma.

Jumatatu vipande vilirudi kwa wingi usiowahi kuonekana. Mama Jarida alivisoma kimoja kimoja akichekelea peke yake. "Mungu amzidishie huyo Redio Mbovu," aliandika mzazi mmoja. "Tunangoja kwa hamu kumsikia Redio Mbovu siku hiyo," aliandika mwingine. Kipande cha mama yake binti kilikuwa na sahihi tu, bila maoni. Mwalimu akakipita. Alidhani fundi ana kazi nyingi.

Mapumziko ya siku hiyo hiyo, nje ya dirisha la stoo, wanafunzi walikuwa wamemzunguka Malenga.

"Jamani, tafuteni stesheni! Zungusha, zungusha!" alisema mmoja akizungusha vidole hewani karibu na sikio lake, kama anayegeuza kitufe cha redio.

"Betri imekwisha hiyo. Ianikeni juani!"

"Aa, nyinyi hamjui redio. Za zamani zikikwama hupigwa kofi, zinashika zenyewe." Na mvulana mwenye mabega mapana akampiga kofi jepesi la mgongoni. "Haya, sema: hapa ni..."

Wote walicheka, na Malenga alicheka kuwashinda. Alicheka hadi akainama. Mama Jarida, aliyekuwa dirishani, alijisemea, "Mwangalie! Anacheka nao. Huko ndiko kujiamini." Akafunga dirisha ili vumbi lisiingie kwenye wino. Macho yapo, lakini mtu akishaamua anachotaka kukiona, macho ni mapambo tu.

Siku ya Wazazi ukumbi ulifurika. Viti vilikwisha, watu wakakaa madirishani. Mama yake binti alikaa safu ya tatu na gauni lake jipya, ametulia kama mtu aliyebeba mayai. Mama mwingine kando yake, mchangamfu, alimwinamia sikioni.

"Unajua ndiye huyu anayekuja? Yule Redio Mbovu wa kwenye jarida. Maskini, nasikia alikuwa hawezi hata kujibu salamu. Wewe hukusoma?"

Mama wa watu akageuza shingo polepole. "Jarida limeandika nini?"

Malenga alikuwa amekwisha panda jukwaani.

Lau wangemcheka, huenda angeweza. Kuchekwa alikuzoea wiki nzima, na ngozi yake ilikuwa imeota sugu. Lakini hakuna aliyecheka. Ukumbi mzima ulinyamaza, ukainama mbele, nyuso mia kadhaa zikiwa laini kwa huruma, kila mmoja akiwa ameibana pumzi yake ili amsaidie kutoa neno. Hawakuja kusikia shairi. Walikuja kumwona kiwete akitembea.

Binti alifungua kinywa. Akautafuta wimbo, na wimbo haukuwa mahali pake.

"Wa..." alisema. "Wa... wa... wa..."

Baba mmoja mwenye sauti nene, baba mwema kabisa, alisimama nyuma akapiga makofi mawili. "Polepole, mwanangu! Usione haya. Sisi sote tunajua!"

Sisi sote tunajua. Kama ni kisu, kisingeingia vizuri zaidi. Malenga aliutazama ukumbi, akamtafuta mama yake, akamwona, na akaona kwamba sasa naye anajua. Alifunga kinywa. Akashuka ngazi moja moja, akapita katikati ya viti, na watu wakampigia makofi ya kumfariji hadi alipotoka mlangoni. Mama yake alinyanyuka akamfuata.

Wiki iliyofuata, mwalimu wa zamu alipoita majina, binti aliinua mkono. Kesho yake pia akainua mkono. Daftari lake la mashairi alilirudisha stoo, akaliweka juu ya mashine na kwenda zake. Mama Jarida alimwita mara tatu. Mara tatu alikuja, akasimama, akatabasamu, akatikisa kichwa kwa kila swali, akarudi darasani. Mwaka mzima mwalimu alikuwa ameuzibua mtungi ule kidogo kidogo, na ukurasa mmoja ulikuwa umeuziba.

Alipoona maji yamezidi unga, alifunga safari kwenda kwa fundi. Kibanda cha ushonaji kilikuwa na cherehani moja, pasi, na msumari ukutani ulioning'iniza ruwaza za karatasi: mikono, kola, viuno. Zote zilikatwa kwenye majarida ya shule ya zamani.

"Karibu, mwalimu. Sogeza hizo nguo ukae."

Mwalimu alikaa, akakunja upindo wa mtandio wake. "Dada yangu, nimekuja... Wallahi sikuwa na nia mbaya. Hata jina sikumtaja."

"Kweli hukumtaja," alisema fundi bila kuinua macho kwenye mshono. "Ulitaja lile jingine."

Mguu ukakanyaga, cherehani ikakimbia, ikasimama.

"Lakini wewe ulitia sahihi, dada yangu. Kwa nini hukuniambia kitu?"

"Nilitia sahihi bila kusoma. Yeye ndiye aliyenishikia karatasi, ameikunja, ukurasa wako ameuweka chini na kipande tu kimechungulia. Akaniambia, tia hapa mama, ni habari za mechi." Akakata uzi kwa meno. "Alijua tangu siku ile ya Ijumaa. Alikuja kwako akacheka, akaja kwangu akacheka. Nilidhani amefurahi kwa sababu ya gauni."

"Mimi nilimwona amepona kabisa."

"Hata mimi. Na mimi ni fundi, mwalimu, nilipaswa kujua. Nguo iliyochanika ukiishona kwa ustadi, mteja haoni mshono. Anasifu. Lakini wewe uliyeshona unamwambia, mama, hii usiivute hapa. Ukiivuta, itaachia pale pale, na safari hii itakwenda na kitambaa."

Mwalimu alilia. Fundi hakumzuia, wala hakulia naye.

"Nitaandika kuomba radhi," alisema mwalimu hatimaye. "Toleo lijalo. Ukurasa mzima."

Hapo ndipo mwanamke yule alipoinua macho. "Mwalimu, nakuheshimu. Ulimpa mwanangu ulimi, sitausahau wema wako. Lakini nakuomba, usituandike tena."

Pazia la nyuma likasogea. Binti alitoka na glasi ya maji juu ya kisahani. Alimwona mwalimu wake. Midomo ikaanza salamu, ikaiacha njiani. Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lile lile la stoo, zuri, lililonyooka. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kifungo, ukikizungusha.

Safari hii mwalimu alikiona.

Ijumaa ilipofika alikaa mbele ya mashine tangu asubuhi. Aliandika, akachana. Aliandika tena, akachana. Mwisho akaandika methali moja tu katikati ya ukurasa wa nne, akaitazama. Kisha akajiuliza: wakiisoma, je, hawataulizana mwenye kovu ni nani? Akaifuta nayo. Jarida likatoka na ukurasa mweupe kama sanda, na kipande cha sahihi chini yake.

Mwalimu mkuu alilileta mkononi akishangaa. "Mwalimu, vipi? Mashine imeharibika?"

"Mashine ni nzima, mkuu."

"Sasa wazazi watatia sahihi ya nini hapa?"

Mama Jarida aligeukia nje. Dirishani, wanafunzi walikuwa wakitawanyika kwenda mapumziko, na binti mmoja amekaa peke yake kwenye ngazi, ametulia, uso wake hauna hata mkwaruzo. Mtu mgeni angepita akasema, mtoto yule hana tatizo. Mama Jarida naye aliwahi kuwa mgeni huyo, akajifunza kwa maumivu yasiyokuwa yake kwamba mwenye kovu usidhani kapoa.